Usipige Simu Wales

Mwanangu Raya,

Barua za kwetu, tangu nilipofundishwa kuziandika, huanza kwa kumtoa mtu wasiwasi: mimi mzima, hofu ni juu yako. Marehemu bibi yako aliniandikia hivyo kutoka Wete hali hawezi tena kuinuka kitandani, na mimi nikamjibu hivyo hivyo kutoka London hali sina kazi wala koti la baridi. Leo sitaki kuanza hivyo. Mimi si mzima, nawe unajua, na hofu yangu juu yako ni moja tu: kwamba kesho asubuhi hutaondoka.

Nakuandikia kwenye meza ya jikoni. Umekwenda madukani kutafuta mabuti ya mpira, na mimi nimekuagiza ndizi mbivu ambazo najua hazipatikani kirahisi hapa Ilford siku za Jumapili, ili uchelewe kidogo. Nisamehe na hilo pia.

Asubuhi ulipokuwa unanifunga vifungo vya sweta ulisema, bila kunitazama, kwamba labda ungempigia simu yule bibi wa Wales umwambie atafute mtu mwingine wa kuendesha kambi yake. Nikakujibu, "Nipe chai kwanza," kwa sababu sikuwa na jibu jingine tayari. Sasa ninalo. Usipige simu hiyo. Nenda. Barua hii yote haina zaidi ya hilo. Lakini ili uniamini ninapokwambia nenda, lazima nikueleze jambo ambalo ukilisikia utaona huna sababu ya kuniamini tena.

Naandika kwa Kiswahili makusudi. Najua utasoma polepole, ukitembeza midomo kama ulivyofanya ulipokuwa mdogo, na mahali fulani utakasirika uiweke chini. Iweke. Kisha uichukue tena. Nilichokukosea nilikukosea kwa Kiswahili, na sioni haki kukikiri kwa lugha nyingine.

Ya kula na kuvaa sikwambii. Umri wako si wa kukumbushwa soksi, na mambo ya kambi za karavani umeyajua kabla hujajua kuendesha baiskeli. Nitakwambia yale tu niliyoyakosea mimi.

Ulikuwa bado mdogo, meno ya mbele yameng'oka, mgongo wa baba yako ulipomzuia kuendesha basi. Mwenzake wa gereji akamwambia kuna uwanja pwani ya Essex, mwenyewe amezeeka, anatafuta mtu na mkewe wa kuuangalia kuanzia Pasaka mpaka majani yaanze kuanguka. Watu huja na nyumba zao za kukokota nyuma ya gari, wanakodi kiwanja, wanachomeka umeme, wanakaa wiki moja au mbili, wanaondoka. Dada yangu, mama yake Khalfan, alicheka mpaka akajifuta machozi. "Mmekimbia Pemba, mkapata nyumba ya matofali," akasema, "sasa mnakwenda kulala kwenye bati lenye magurudumu?"

"Bati hilo lina friji, shemeji," baba yako akamjibu. "Njoo uone."

Mimi nilikuwa karani katika ofisi ya skuli, kwa hiyo nilikwenda nawe wikiendi na likizo yote ya kiangazi. Nilidhani itakuwa kazi ya kupokea watu na kuwapa funguo za mabafu. Sikujua kwamba mtu akiacha nyumba yake kwenda kupumzika hubeba kila kitu isipokuwa subira.

Unakumbuka Ijumaa za jioni. Wanafika wametoka kwenye foleni ndefu ya magari, watoto wanalia, mbwa anataka kushuka, na sasa lazima bwana airudishe karavani nyuma, baina ya ua wa miti na nguzo ya umeme, mbele ya majirani waliokwisha kaa kwenye viti vyao na vikombe mikononi. Mke yuko nyuma anapunga mkono. "Kushoto!" "Kushoto kwangu au kwako?" "Kushoto kwa kila mtu, Keith!" Ndoa ngapi tumeziona zikitikisika kwenye nyasi zile. Baba yako, aliyekuwa akiliingiza basi la ghorofa gerejini huku anazungumza, angeweza kuwafanyia mara moja. Hakufanya mpaka aombwe. Alikuwa akigeuka na kuanza kukagua bomba ambalo halikuwa na tatizo lolote. "Mtu akikosea mbele ya watu," aliniambia, "msaada wa kwanza ni kutazama pembeni."

Mimi sikuwa na hekima hiyo. Mimi nilikuwa na ugonjwa wa matangazo. Ukarani wa skuli uliniingia mpaka mifupani. Mtu mmoja alimwaga sanduku la uchafu la choo cha karavani yake kwenye beseni la kuoshea vyombo, mtu mzima, tena mwalimu mkuu, na mimi nikaandika tangazo. Mwingine alikata njia katikati ya kiwanja cha mwenzake, akarukia kamba za hema la watu waliokuwa wanakula, nikaandika la pili. Usioshe, usimwage, usikate njia, usiwashe moto juu ya majani, usiache bomba wazi. Kufikia mwaka wa tatu lango letu lilikuwa linakemea watu kabla sisi hatujawaamkia. Wakati wa baridi baba yako aliyang'oa karibu yote, akaniambia upepo umeyachukua. Msimu uliofuata hakuna kilichoharibika zaidi. Waliokuwa wakiyasoma walikuwa watiifu tangu kwao, na wasio watiifu hawakuwahi kuyasoma.

Lile la kukata njia kiwanjani kwa mtu lilinishangaza, kwa sababu hapo Waingereza na sisi tunakubaliana bila kufundishana. Kiwanja hakina ukuta wala mlango, lakini ni nyumba ya mtu. Nilipotaka kuwaambia vijana wapunguze muziki sikuwahi kuwaendea moja kwa moja. Nilisimama pembeni, penye mwisho wa nyasi zao, nikakohoa, nikatikisa funguo. Wakitazama ndipo nikawaamkia. Hiyo ilikuwa hodi yangu, na haikunirudisha na matusi hata mara moja. Hilo ndilo jambo moja nililolifanya vizuri, na nakuachia wewe.

Baba yako yeye mtihani wake ulikuwa mbwa. Kulikuwa na mmoja wa manyoya meusi, wa yule Keith, aliyempenda baba yako kuliko alivyompenda bwana wake. Alasiri moja alimlamba mkono baba yako ametoka kutawadha. Akarudi akajisafisha, akatawadha upya. Akatoka, mbwa yuko mlangoni anamngoja, akamlamba tena. Baba yako akamwita Keith: "Bwana, mimi na mbwa wako tuna ugomvi wa dini. Mfunge nusu saa tu, tutapatana baadaye." Keith alicheka mpaka akaketi chini. Tangu siku hiyo, kila alasiri alimfunga mbwa wake bila kuambiwa, na kila mwaka alirudi.

Na wewe nawe nilikufanyia jambo ambalo wakati ule nililiona dogo. Kazi ya kambi haina saa. Unaweka tonge mdomoni, mtu anagonga: maji ya moto yamekwisha, fyuzi imekatika, jirani ana taa kali, intaneti ya ofisini haishiki, kuna nyigu bafuni. Nilichoka. Nikakufundisha kwamba wakigonga nami nimekaa kupumzika, uwaambie mama anasali. Nilijua hakuna Mwingereza atakayethubutu kunisumbua kwenye sala. Ukasema hivyo mara nyingi, uso mkavu, mpaka siku ile bibi mmoja alipokuuliza, "Bado anasali tu, mpenzi?" na wewe ukachungulia ndani, ukamwambia, "Ndiyo, bado hajamaliza biskuti." Tulicheka mwaka mzima. Lakini ona nilichokuwa nakifundisha: kwamba mama akichoka kusema ukweli, hutumia kitu kitukufu kujikinga. Leo ni sala, kesho ni daktari.

Baada ya miaka kadhaa baba yako alisema tumekuwa kama mpishi asiyeonja, twende tukalale kwenye kambi ya wengine. Tukaazima karavani, tukaenda Devon. Nadhani hukusahau. Kiwanja chetu kilikuwa na mteremko, usiku kucha baba yako alikuwa ananibingirikia. Upande mmoja kulikuwa na mapipa ya taka, upande wa pili mtu na jenereta yake. Bafuni maji yalitoka kwa kubonyeza kitufe, na kila ukijipaka sabuni yanakatika. Siku ya pili nilikwenda ofisini kulalamika, nimejaa hasira. Nyuma ya kaunta alikuwa mwanamke wa rika langu na kipande cha mkate mkononi, hajapata kukiuma. Niliutazama ule mkate. Nikamwuliza duka la karibu liko wapi, nikaondoka. Siwaambii watu wasilalamike, maana jenereta ile ilikuwa jeuri kweli. Lakini tangu hapo nilielewa kwamba pande mbili za kaunta kuna uchovu mmoja, na anayeanza kuuona wa mwenzake ndiye atakayelala vizuri.

Wewe utakuwa na balaa ambalo sisi hatukuwa nalo, zile nyota ambazo wageni huzitoa mtandaoni. Mtu atakunyima nyota kwa sababu ya mvua, na mwingine kwa sababu kondoo wa jirani wanaanza kelele alfajiri. Najua zinakukosesha usingizi, nimekuona unazisoma za kambi nyingine. Wajibu kwa adabu, kisha funga simu.

Sasa nakuja penyewe.

Wete, kwa mama yangu, mgeni akiinuka kuondoka ilikuwa lazima azuiwe. "Aa, mara hii? Hujakaa hata kidogo. Chai iko motoni." Mgeni anasema watoto wananisubiri, mwenyeji anasema watoto hawafi kwa kungoja, mgeni anarudi kuketi kidogo, anainuka tena, anazuiwa tena. Sisi watoto tulikuwa tunakonyezwa tukafiche makubadhi yake, viatu alivyovua mlangoni. Mwisho anayadai, tunayatoa huku tunacheka, naye anaondoka akiwa na furaha, kwa sababu amejua anapendwa. Mgeni ambaye hakuzuiwa hata mara moja angekwenda nyumbani na donge moyoni. Lakini ilikuwa mchezo, na pande zote mbili zilijua ni mchezo. Hakuna aliyewahi kulala kwetu kwa sababu ya makubadhi.

Mimi mchezo huo niliupeleka Essex. Wageni wetu wawili, Brian na mkewe, walikuwa wamekaa wiki mbili, kiwanja cha pembeni, kile chenye kivuli. Siku ya kuondoka Brian alikuja kurudisha funguo akasema, kama wanavyosema Waingereza, "Wallahi hatutaki hata kurudi nyumbani." Hakusema wallahi, lakini uso wake ulisema. Na mimi, bila kufikiri, nikafanya kama mama yangu: "Basi msiende! Haraka ya nini? Kaeni!" Nikangoja akatae, ili nimzuie mara ya pili. Hakukataa. Alinishika mkono kwa mikono miwili, akaenda kumwambia mkewe, wakatandika upya.

Adhuhuri ikafika familia ya Birmingham, watoto watatu na nyanya yao, wameweka nafasi tangu baridi, kiwanja kile kile. Agosti hiyo, na uwanja wote umejaa.

"Mama Raya," baba yako akaniita pembeni, "kiwanja kimoja umewapa watu wawili."

"Nilikuwa namkirimu tu."

"Ukarimu hauna mpaka?"

"Alitakiwa akatae!"

"Nani alimwambia anatakiwa akatae? Brian kazaliwa Wete?"

Hatukuweza kumfukuza mtu tuliyembembeleza abaki. Tukawapa watu wa Birmingham kiwanja chetu wenyewe nyuma ya ofisi, na karavani yetu tukaivuta mpaka kando ya banda la mashine za kukatia majani, pasipokuwa na umeme. Wewe ulifurahi, ulidhani tumehamia kwingine. Mimi nililala nasikia harufu ya petroli, nikijiambia sitamwambia mtu tena abaki ila niwe nina mahali pa kumweka.

Nilijiambia, kisha nikasahau. Au sikusahau.

Mwaka juzi, wakati wa baridi, bibi wa Wales alikupigia mara ya kwanza. Ulikuwa umemzoea kwa kwenda kupiga hema kwake kila kiangazi, naye alikuwa amekutazama miaka yote hiyo unavyowasaidia wageni wake bila kuombwa. Watoto wake hawataki uwanja. Akakwambia ni wako kuuendesha ukitaka. Uliingia hapa na koti mwilini, hukuvua hata viatu, ukanieleza umesimama. Miaka mingi umekaa kwenye mapokezi ya hoteli ile ya Wembley, unawapa funguo watu wanaokwenda kutazama mpira, na sijawahi kukuona na uso ule. Nilisema mashallah. Nilisema kwa mdomo.

Wiki hiyo hiyo nilikuwa na miadi ya moyo hospitali. Wewe ulikuwa zamu, Khalfan akanipeleka na kuningoja garini. Daktari alitazama picha zake, akaniambia moyo wangu ni mzuri kwa umri wangu, niendelee na vidonge vya presha na nitembee kila siku. Nikamshukuru. Garini Khalfan akauliza, "Wamesemaje, mama mdogo?" Nikamjibu, "Mengi." Tulipofika nyumbani mengi hayo yalikuwa yameshajitunga.

Nilikwambia daktari amesema moyo umechoka, na nisiachwe kuishi peke yangu. Ulikuwa unakata vitunguu. Ukaweka kisu chini. Hukuuliza swali hata moja. Ungeuliza, Raya, ningeshindwa, maana sikuwa nimetunga zaidi ya hapo. Ila hukuuliza, kwa sababu hukudhani mama yako anaweza kusema uongo wa namna ile.

Kesho yake nilikusikia ukumbini ukizungumza na yule bibi, kwa sauti yako ya hotelini, ile ya kumwambia mtu kwamba hakuna chumba. Kisha ukaja jikoni ukaniuliza, "Mama, nikutilie chai?" Kwa Kiswahili. Wewe ambaye tangu unaanza skuli nakusemesha Kiswahili unanijibu Kiingereza. Ulidhani ninakufa, ukanipa lugha yangu kama zawadi. Na mimi nikainywa chai ile.

Nimetafuta sababu nzuri ya kukupa. Sina. Tangu baba yako aondoke duniani, nyumba hii ukitoka kwenda kazini nasikia friji inavyonguruma. Niliogopa friji. Niliogopa kuanguka bafuni na kukaa hapo mpaka mtu akumbuke. Ningeweza kukwambia hivyo, "Raya, naogopa," na labda tungepata njia. Lakini aibu ya kuogopa niliiona kubwa kuliko aibu ya kudanganya. Kule kwetu tulificha makubadhi na tukayatoa. Mimi yako niliyaficha, na ulipoacha kuyatafuta nilifurahi.

Uwanja wakapewa watu wengine. Msimu wa kwanza ulipokwisha ulinionyesha picha zake kwenye simu, nyasi zimekatwa vibaya, ukasema tu, "Wangeacha yale maua ya kando." Niliona kidole chako kinapita juu ya kioo polepole. Hapo ningesema. Sikusema. Nilisema, "Wales mvua nyingi."

Na sasa ni kweli. Figo zimechoka kweli, na safari hii ulikuwa chumbani pamoja nami. Usidhani nauona ugonjwa huu kuwa adhabu. Nimesoma vya kutosha kujua kwamba figo hazijui nani alimdanganya nani. Na kwamba watu wale wameshindwa, na bibi amekupigia tena mwezi ule ule tulioambiwa habari ya figo, nalo silioni kuwa bahati tu, lakini sitaki kujifanya najua ni nini. Mlango umefunguka mara ya pili. Ni watu wachache wanaofunguliwa.

Siku ile hospitali ulikuwa unalia, hukumsikia daktari vizuri. Mimi nilimsikia. Alisema huenda ni miezi, huenda ni zaidi, hawezi kuapa. Alisema pia kwamba hakuna kitu cha kunifanyia hapa nyumbani ambacho muuguzi na jamaa hawawezi kukifanya. Najua unasema: alisema hivyo, au mama kasema kwamba alisema? Ndiyo maana nimempa ruhusa akueleze kila kitu wewe mwenyewe, bila mimi kukaa katikati. Kama kesho lazima upige simu, mpigie yeye.

Khalfan na mkewe wanahama Tottenham, lile flati lao lenye unyevu linawatia watoto maradhi. Wanakuja kukaa hapa. Chumba chako watakipaka rangi, usikasirike. Nimemwambia Khalfan habari ya uongo wangu, kwa sababu nilimtumia na yeye bila kujua. Akasema, "Mama mdogo, siku ile nilikununulia chipsi kwa kukuhurumia." Nikamwambia nitamlipa kwa dua. Akasema anataka samaki pia.

Kwa hiyo sitakuwa peke yangu na friji. Nakwambia hili si kukuondoa tu, ni kwa sababu kwa mara ya kwanza nimeomba msaada kama mtu mzima anavyoomba, na nimeona mlango haukuwa mzito.

Hasira utakuwa nazo. Ni haki yako, na sikuombi uzimeze. Naomba jambo moja: kasirikia njiani. Barabara ya Wales ni ndefu, ina nafasi ya kutosha kwa hasira kubwa. Usibaki Ilford ili unisamehe ana kwa ana, na usibaki ili usinisamehe ana kwa ana. Msamaha nitaupokea kwa simu, hata kwa Kiingereza. Nitafurahi zaidi ukija kwa Kiingereza, kwa kelele, kama unavyozungumza na watu wazima wenye afya.

Utakosea kule. Utampa mtu kiwanja chenye maji chini, utasahau kufungua bomba baada ya barafu, utamwamini mtu mwenye tabasamu atakayekuachia takataka. Utakaa ofisini na mkate ambao hujauma. Kisha asubuhi moja, kabla hawajaamka, utatembea katikati ya viwanja, mapazia yote yamefungwa, kuna mtu mmoja anachemsha maji nje na blanketi mabegani, atakupungia mkono tu. Baba yako aliishi kwa ajili ya asubuhi hizo. Mimi nilizijua baadaye sana. Wewe umezijua tangu utotoni, ndiyo maana najua hukukosea kuutaka uwanja ule, hata mara ya kwanza.

Jambo la mwisho. Juzi niliingia kwenye mtandao wa kambi yako, ule ulionionyesha, nikaweka nafasi. Wiki ya mwisho ya Mei, kiwanja karibu na mabafu. Khalfan ataazima gari lenye kitanda. Penye sehemu ya maelezo nimeandika: mzee, anatembea polepole, hana mbwa. Usinifanyie upendeleo, wala usinipangie zaidi ya hapo. Nina nia ya kuja kweli, nimemwambia Khalfan akague matairi.

Lakini siku hiyo jua likizama nami sijafika, usikifungie kile kiwanja kwa kamba ukakiweka kama kaburi. Wikiendi ile ni ya sikukuu, watu huwa wengi barabarani. Atatokea mtu langoni ambaye hakuweka nafasi, amechoka, watoto wamelala kiti cha nyuma, anaona haya kuuliza. Mpe. Mwonyeshe taa za mabafu zinawashwa wapi, kisha mwache apumzike.

Mama yako